Boksi la watoto wa mbwa getini

Mtoto anarudi kutoka shule akiwa amekumbatia kitu ndani ya sweta. Ni mtoto wa mbwa, wa kike, wa wiki kama sita, kaokotwa kwenye mtaro. Mama anasema hapana. Baba anasema, "Mwache alale leo, kesho tutaona." Familia nyingi za Sakina, Moshono na Usa River zinaijua kesho hiyo. Wiki mbili baadaye bado yupo, na kabla mwaka haujaisha ni jike mwenye watoto saba chini ya banda la kuni. Kisha jioni moja boksi linapakiwa kwenye bodaboda kupelekwa "kwa wale wanaotunza mbwa".

Hao "wale" wapo kweli. Mbwa wa Africa ni mojawapo ya taasisi zinazookoa wanyama katika eneo la Arusha, na inaendeshwa kwa michango. Duniani kote kuna vituo vya kutunza wanyama ambavyo vimejiwekea sharti moja: mnyama hauawi kwa sababu tu nafasi imejaa au hakuna anayemtaka. Sharti hilo ni zuri, ila wazazi wachache wamewahi kulipigia hesabu.

Katika kituo cha namna hiyo, mbwa aliyeingia hatoki mpaka apate nyumba. Akiwa mzee, au amebaki na miguu mitatu baada ya kugongwa na gari, anaweza kungoja miaka. Siku zote hizo anakula. Anahitaji chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, banda lililofagiliwa, na mtu wa kulifagia anayetaka mshahara wake mwisho wa mwezi, michango iwe imekuja au haikuja. Watu huchangia haraka wakiona picha ya mbwa aliyejeruhiwa. Wa kuchangia bili ya maji ni wachache. Arusha inajua vizuri jinsi fedha za wageni zinavyoweza kukatika: mwaka 2020 watalii walipungua sana, na ni nani aliyesikia mbwa amepunguza kula?

Kwa hiyo nafasi ikijaa, kituo makini hulazimika kumwambia mwenye boksi kwamba hapana. Wengine hukasirika. Wengine husubiri giza liingie, wakaliacha boksi getini na kuondoka. Hapo ndipo huruma inapogeuka hatari, kwa sababu watoto wa mbwa wasiochanjwa wakiingia penye mbwa wengi wanaweza kupata, au kuleta, ugonjwa wa parvo, unaoua watoto wa mbwa ndani ya siku chache kwa kuhara na kutapika.

Sharti hilo lina mipaka pia. Mbwa aliyekwisha kuonyesha dalili za kichaa cha mbwa hana tiba, wala binadamu hana. Mzazi asilisahau hili: Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Watoto wengi huficha kuumwa kwa kuogopa kuchapwa, kwa hiyo ni vyema waambiwe mapema kwamba wakisema hawatachapwa.

Baadhi ya halmashauri nchini zimezoea kuwapiga risasi mbwa wazururaji au kuwatega kwa sumu. Kichaa hakiishi kwa njia hiyo. Kinachokata mnyororo wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na mbwa wa nyumbani anayeachwa kuzurura usiku naye yumo kwenye hesabu hiyo.

Lililobaki ni kuhasi, jambo ambalo akina baba wengi hulikwepa, hasa kwa dume, kana kwamba ni wao wanaopelekwa. Mbwa hubeba mimba kwa takriban siku 63 na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Upasuaji mmoja kwa daktari wa mifugo ni ghali kwa siku hiyo, lakini mifuko ya unga ya kulisha watoto saba si rahisi pia.

Mwenye boksi akipiga simu kituoni kabla ya kuita bodaboda, huenda akaulizwa swali asilolitarajia: mama yao yuko wapi? Watoto wanaweza kubaki naye nyumbani mpaka waache kunyonya na kupata chanjo ya kwanza, huku majirani wa kuwachukua wakitafutwa. Mama mwenyewe akimaliza kunyonyesha, apelekwe kuhasiwa.

Na yule mtoto wa shule anawe mikono kwanza, sweta liloekwe.