Spesa za magurudumu zikaguliwe



Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako ili nitoe dukuduku langu kuhusu spesa, yaani vile vipande vinene vya chuma au aluminiamu vinavyofungwa kati ya habu na gurudumu ili kulitanua gari liendalo porini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilicho kando ya barabara itokayo Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron. Hapa kwetu barabara ni vumbi na kokoto, imejikunja kama bati, na ndiyo njia ya watoto kwenda shule. Kiangazi kilichopita, saa nane mchana, gari moja la watalii, lile la kulala humohumo lenye kitanda na jiko, lilichomoka gurudumu la nyuma. Gurudumu hilo lilipita katikati ya wanafunzi wa darasa la pili, likaenda kuvunja boma la ng'ombe. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia.

Dereva aliapa kwamba kila asubuhi hukaza nati zote. Nami namwamini, maana gurudumu lilipookotwa, nati zake zote zilikuwepo na zimekaza. Kumbe spesa ilikuwa bado imeng'ang'ania gurudumu! Zilizolegea ni nati za ndani, zile zinazoishika spesa kwenye habu. Hizo hazionekani wala hazifikiwi na spana mpaka gurudumu livuliwe. Ndugu yetu alikuwa akifunga mlango wa nje kila siku, na wa ndani uko wazi.

Sisemi kwamba spesa zote ni mbaya. Zina sababu zake. Kwa mfano, Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya V8, zilizoanza kutengenezwa mwaka 2007, magurudumu yake ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele kwa milimita 95 hivi. Kwenye mchanga, ya nyuma hayafuati njia iliyokwisha kufunguliwa na ya mbele. Mwenye gari akitaka kuyasawazisha, simlaumu.

Lakini kila jambo lina gharama yake. Darasani huwaambia wanafunzi washike ndoo ya maji karibu na kifua, kisha wanyooshe mkono. Ndoo ni ileile, bali bega hulia. Ndivyo beringi na boliti za habu zinavyoelemewa gurudumu linaposogezwa nje. Tena, tairi likitokeza nje ya madigadi humrushia kokoto na matope apitaye kwa miguu. Wala spesa haishushi mizigo iliyorundikwa juu ya paa.

Kwa hiyo nashauri haya. Kwanza, wenye magari waache kuchongesha spesa ovyo ovyo. Iwe imetengenezwa kwa gari la aina hiyo hasa, na tundu lake la katikati likae sawasawa juu ya habu. Zile za kupachika tu, zisizo na boliti zake zenyewe, hupunguza sehemu ya boliti inayoshikwa na nati.

Pili, gari likisha kwenda kama kilometa 100 tangu spesa ifungwe, gurudumu livuliwe na nati za ndani zikazwe kwa spana yenye kipimo. Kazi hiyo irudiwe kila baada ya safari ya njia mbaya.

Tatu, wakaguzi wa magari wasitosheke na kuangalia taa na honi. Gari lenye spesa livuliwe magurudumu. Ujerumani spesa haziruhusiwi barabarani bila hati ya kibali, nasi tungeweza kuanza na utaratibu kama huo. Wiki ya Nenda kwa Usalama isiishie kwenye kubandika stika.

Watu husema ajali haina kinga. Hii ya kwetu kinga ilikuwa nayo: spana, na dakika chache za kuvua gurudumu. Mtalii akiiona njia yetu mbaya aweza kupita kwingine. Watoto wetu hawana barabara nyingine.

Mwalimu wa Kijijini,
Monduli.