Kipaji cha Mtoto Si Mtaji wa Mzazi

Wazazi wa Kisondela wanauliza: mtoto anayeigiza vizuri tumpeleke wapi? Wengine wako tayari kuuza mikungu yote ya ndizi wamlipe "promota" wa Dar es Salaam aliyewapigia simu. Ndugu zangu, tusimame kwanza.

Katika kazi ya kweli, mwenye filamu ndiye anayemlipa mwigizaji. Anayedai ada ili amwingize mtoto kwenye filamu anauza ndoto. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomzuia kusoma, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku.

Aliye chini ya umri huo aanzie parokiani: Utoto Mtakatifu, igizo la Noeli, mateso ya Bwana siku ya Ijumaa Kuu. Karol Wojtyła aliigiza jukwaani kwao Poland kabla ya kuwa padre, kisha Papa Yohane Paulo II. Akimaliza kidato cha nne, ipo TaSUBa kule Bagamoyo.

Mwanafalsafa Kant alifundisha kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu. Basi mtoto akisema amechoka, mwacheni akacheze.