Atajinyima Nini?



Wapendwa, kila tunapochagua viongozi, hata wa jumuiya zetu ndogo ndogo, twawauliza watatufanyia nini. Ni nadra kuwauliza watajinyima nini.

Mwezi Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga mpango wa kuwaingiza Jeshi la Kujenga Taifa, ambamo wangelipwa sehemu tu ya mshahara wao. Mwalimu Julius Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza chuoni. Adhabu ile ilikuwa kali, nasi hatuitetei. Lakini papo hapo alikiri kwamba mishahara ya wakubwa, wake ukiwamo, ilikuwa minono mno kwa nchi maskini, akaupunguza wake kwa asilimia 20. Februari 1967, Azimio la Arusha likawakataza viongozi kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba za kupangisha.

Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na tukubali kwamba si wakubwa peke yao walioshusha pumzi. Sisi nasi (mapadre tumo) twaujua utamu wa posho ya kikao. Kiongozi atokaye madarakani na nyumba ileile aliyoingia nayo twamcheka kwamba hakujua kutumia nafasi. Kisha twashangaa tunapoibiwa na wale waliojua.

Wiki hii jumuiya zikikutana kuchagua wenyeviti, mmoja wetu aulize swali lile kwa sauti, hata kama kikao kitanyamaza.