Upepo wa Tarifa na mwendo wa aliye dhaifu



Watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa kwamba upepo una jina. Kaskazi ina msimu wake, kusi ina wake, na matlai ni ule utokao upande wa macheo. Neno hilo la mwisho lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni mahali jua linapochomoza. Wahispania wa pwani ya kusini nao wana upepo wao wa mashariki, wanaouita levante, yaani upepo wa upande linakoinukia jua. Mwenzake utokao magharibi huitwa poniente, upepo wa machweo. Watu wa bahari mbili zilizo mbali wametazama jua lile lile, wakazipa pepo zao majina yenye maana moja.

Juma hili tumependa kuwasimulia siku moja ya mwezi wa Mei tuliyosafiri kwa baiskeli katika pwani hiyo, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalozihusu familia zetu hata zile zisizomiliki baiskeli. Tulikuwa wanne: sisi wazazi wawili, binti yetu wa miaka 15, na mjomba wake aliyekwisha kupita miaka 60. Kabla ya kuondoka tulimchagua mjomba kuwa amiri wa safari, kwa kufuata mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) kwamba wasafiri wakifika watatu wamteue mmoja wao awaongoze. Nia yetu ilikuwa kutoka mji wa Vejer hadi Tarifa, mwendo wa takriban kilomita 50, na jioni tupande boti ya kuvukia Tangier, Morocco. Tikiti zilikuwa zimekwisha kulipiwa.

Vejer ni mji mweupe uliojengwa juu ya kilima, wenye vichochoro vyembamba vinavyopinda kama vile vya Mji Mkongwe wa Unguja. Tulishuka kilima hicho saa 2 asubuhi, tukaingia barabara kuu iitwayo N-340. Mkono wa kushoto kulikuwa na bonde pana la La Janda, ambalo zamani lilikuwa ziwa la kinamasi kabla ya maji yake kukaushwa kwa ajili ya kilimo. Baadhi ya wanahistoria husema kuwa vita vya mwaka 711 baina ya jeshi la Tariq bin Ziyad na mfalme Roderic vilipiganwa karibu na ziwa hilo. Siku hiyo hapakuwa na jeshi ila mitambo mirefu ya kuzalisha umeme kwa upepo, safu kwa safu, mapanga yake yakizunguka bila kupumzika. Binti yetu aliitazama, kisha akasema, "Hawa hawakuiweka mitambo yao hapa kwa bahati."

Alisema kweli. Baina ya milima ya Hispania na milima ya Morocco pana mlango mwembamba wa bahari, na mbele ya Tarifa upana wake haupiti kilomita 14 hivi. Hewa itokayo Bahari ya Kati ikifika hapo hubanwa pande zote mbili, nayo huongeza kasi, kama maji ya mpira wa bustani yanavyoruka mbali mtu anapoubana mdomo wake kwa kidole. Kadiri msafiri anavyoukaribia mlango huo ndivyo upepo unavyozidi nguvu. Sisi tulikuwa tukielekea huko huko, upepo ukitupiga mbele, upande wa kushoto.

Asiyepata kuendesha baiskeli dhidi ya upepo huenda akadhani kuwa taabu yake ni ndogo. Hesabu yake ni hii. Nguvu ya hewa inayompinga mwendeshaji haiongezeki sawa kwa sawa na kasi ya hewa, bali kwa mraba wake. Mtu anayekwenda kilomita 15 kwa saa katika hewa tulivu hukutana na hewa ya kilomita 15. Upepo wa kilomita 35 ukimjia usoni, atakutana na hewa ya kilomita 50 kwa saa, na nguvu ya kumrudisha nyuma itakuwa mara 11 ya ile ya awali. Ndiyo maana mtu hukanyaga pedali kwa jasho jingi huku akipitwa na mtembea kwa miguu.

Tena, upepo haulipi deni lake lote. Chukua safari ya kilomita 20 kwenda na 20 kurudi. Kukiwa shwari, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, utaimaliza kwa saa 2. Upepo ukikupunguza hadi kilomita 10 wakati wa kwenda, na kukusukuma hadi 30 wakati wa kurudi, utatumia saa 2 kwenda na dakika 40 kurudi. Dakika hizo 40 za ziada hakuna wa kukurudishia.

Waendesha baiskeli wamebuni njia ya kusaidiana. Mmoja hutangulia akaukata upepo, na wengine humfuata kwa karibu wakajificha katika kivuli chake cha hewa, na wote hupokezana zamu. Upepo ukija kwa ubavu, hawafuatani kwa mstari mnyoofu bali hujipanga mshazari, na Wahispania huita mpangilio huo kipepeo, kwa mfano wa kipepeo cha mkononi kilichokunjuliwa. Sisi hatukuweza kukunjua kipepeo hicho, kwa kuwa barabara ilikuwa na magari mengi na nafasi yetu ilikuwa ukingo mwembamba wa kulia. Tukafuatana: mjomba mbele, binti nyuma yake, nasi wazazi tukafunga msafara.

Hatari yenyewe haikuwa ile ya kuchoka. Upepo ulipotupiga kutoka kushoto, kila mmoja wetu alilazimika kuuegemea ili asisukumwe mtaroni. Lori lilipotupita, lilipita upande huo huo wa kushoto, na kwa muda mfupi likauziba upepo wote. Aliyekuwa ameegemea upepo akakosa cha kuegemea, baiskeli ikamwelekea ubavuni mwa lori. Kisha lori likishapita, upepo ukarudi kwa kishindo na kumtupa kulia. Sheria ya Hispania inamtaka dereva amwachie mwendesha baiskeli nafasi isiyopungua mita 1 na nusu anapompita, na wengi wao waliitii. Hata hivyo, mita 1 na nusu ni kitu kidogo kwa msichana mwepesi mwenye mizigo miwili mizito juu ya keria.

Yapata saa 8 mchana tulikuwa hatujatimiza kilomita 30. Tukasimama kwenye mkahawa wa kando ya njia, karibu na njia panda ya kijiji cha Facinas. Tulikula mkate, zeituni na jodari. Samaki huyo huvuliwa katika pwani hiyo wakati wa machipuko kwa uzio mkubwa wa nyavu unaoitwa almadraba, neno lililobaki tangu zama za Waislamu. Baada ya chakula tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, nyuma ya ukuta wa mkahawa. Katika pembe hiyo ya dunia kibla kiko karibu kabisa na mashariki, kikielemea kusini kidogo. Hivyo upepo ule ule tuliopambana nao tangu asubuhi ulikuwa ukituijia kutoka upande tulioelekeza nyuso zetu, na pale ukutani, kwa mara ya kwanza siku ile, tuliusikia bila kuugua.

Baada ya swala ndipo pakawa na mazungumzo.

"Zimebaki kilomita 20 tu," mjomba alisema. "Tukikaza miguu tutaiwahi boti. Fedha za tikiti si kidogo, na wenyeji wetu kule Tangier wanatungoja."

Mama yake binti hakujibu moja kwa moja. Alimgeukia mwanawe akamwuliza, "Mwanangu, hali yako vipi?"

"Sijambo, Mama. Naweza kwenda."

"Sikuuliza kama unaweza. Nimeuliza hali yako."

Binti akanyamaza kidogo, kisha akanyoosha mikono yake juu ya meza. Vidole vilikuwa vikitetemeka. "Mjomba, shikamoo yako naiheshimu," alisema kwa sauti ya chini. "Miguu haijachoka. Lakini malori matatu ya mwisho sikuwa mimi niliyeshika usukani. Ulijiendea wenyewe."

Mjomba aliitazama mikono ile kwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa amiri, na hakuna miongoni mwetu ambaye angemwasi. Kisha akasema, "Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ulikuwa mbele, Mjomba. Hukugeuka."

Hapo palikuwa na maneno mazito kuliko umri wa aliyeyasema. Anayetangulia katika upepo hufanya kazi kubwa kuliko wote, na kwa sababu hiyo hiyo huwa wa mwisho kujua yanayotokea nyuma yake. Macho yake yako barabarani, masikio yamejaa mvumo, na moyo umeshughulika na mwisho wa safari. Anaweza kuwa anatoa jasho lake lote kwa ajili ya watu wake, na wakati huo huo watu wake wanapotea nyuma.

Mjomba akasimama, akamwita mwenye mkahawa, akamwuliza kwa Kihispania chake kidogo habari za chumba cha kulala. Mzee yule alicheka kwa upole akasema kuwa kwa levante ya namna ile boti za Tarifa zilikuwa zimesimamishwa tangu adhuhuri, na kwamba huo si msiba mgeni. Tulilala Facinas. Tungependa ieleweke, hata hivyo, kwamba uamuzi ulikuwa umekwisha kutolewa kabla ya habari ya boti kutufikia. Hata kama boti ingekuwa inangoja bandarini, uamuzi ule ungekuwa sahihi.

Kesho yake, baada ya swala ya Alfajiri, upepo haukuwa umekoma lakini ulikuwa umepungua, na malori yalikuwa bado machache. Tuliondoka kwa mpango mpya. Binti alitangulia na kuweka mwendo, na mjomba akawa wa nyuma kabisa. Vitabu vya hadithi vinatueleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akimhimiza aliye dhaifu, akimpakia nyuma yake na kumwombea dua. Habari hiyo tumeisoma mara nyingi tukiwa tumekaa. Barabarani tuliona hekima yake kwa macho: anayekaa nyuma anawaona wote.

Tuliingia Tarifa kabla ya jua kupanda juu. Mji huo umechukua jina la Tarif bin Malik, aliyetua hapo mwaka 710, mwaka mmoja kabla ya Tariq. Ngome yake ilijengwa mwaka 960 kwa amri ya Khalifa Abdurrahman wa Tatu wa Cordoba, nayo bado imesimama ikiitazama bahari. Kutoka hapo milima ya Morocco ilionekana karibu mno, hata mtoto angedhani kuwa anaweza kuirushia jiwe.

Udanganyifu wa umbali huo umewagharimu wengi. Tarehe 1 Novemba 1988 boti ndogo ya wahamiaji waliotoka Morocco ilizama karibu na hapo, na miili ikatupwa na mawimbi katika ufuo wa Los Lances, mchanga ule ule tulioupita asubuhi. Tangu siku hiyo bahari imewarudisha wengine wengi, na katika makaburi ya Tarifa wamo waliozikwa bila majina, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwatambua. Tulisimama, tukawaombea dua. Upepo uliotutetemesha mikono sisi wenye helmeti, mikate na vyumba vya kulipia, wao ulikuwa umewakuta usiku, juu ya mbao chache, pasi na mkahawa wa kusimama wala amiri wa kumwambia kwamba mikono imechoka. Binti yetu aliuliza kama mama zao wanajua walipo. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Ndugu wasomaji, katika kila nyumba yupo anayetangulia katika upepo. Huenda ni baba anayetafuta ada za shule, au mama aliyebeba nyumba nzima, au kaka mkubwa aliyeachiwa wadogo zake. Huyo anastahiki shukrani na kupokezwa zamu. Lakini naye ana wajibu wa kugeuka, na wa kuuliza si "mnaweza?" bali "hali zenu vipi?" Kwa kuwa watoto waliolelewa vyema hujibu swali la kwanza kwa "ndiyo" hata wanapokuwa ukingoni mwa kuanguka. Na wale walio nyuma nao wajue kwamba kusema kweli mbele ya mkubwa, kwa adabu na kwa wakati wake, si utovu wa heshima.

Upepo wenyewe tumefundishwa tusiutukane, bali tumwombe Mwenyezi Mungu kheri yake na kujikinga kwake na shari yake. Siku ya tatu ulitulia, boti zikaruhusiwa, tukavuka. Mjomba alikuwa wa mwisho kupanda.