Kuchora Uso Si Mchezo

Wako wazazi wasemao kwamba mwanafunzi achoraye apoteza wakati. Baba yangu alikuwa mmoja wao.

Muhula uliopita, hapa Kibondo, tulipewa kazi ya likizo: kutengeneza sura ya mtu tumjuaye kwa mistari na maumbo. Nilipofika nyumbani Kasulu nilimchagua bibi, mama yake baba. Mistari niliichora kwa mkaa, mashavu nikayapaka udongo mwekundu, na kilemba nikakibandika kwa majani makavu ya mgomba na uji mzito wa muhogo.

Hapo nilitambua kuwa sikupata kumtazama bibi hata siku moja. Nilidhani uso wake ni mviringo, kumbe una umbo la yai. Basi, kuchora ni kujifunza kutazama, na hilo lamfaa hata mwanafunzi wa Baiolojia.

Tusiseme hatuna rangi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya baiskeli. Sisi tunao mkaa na udongo bure.

Bibi alipoiona picha alisema, “Huyu ni mama yangu.” Na mama yake hakupata kupigwa picha maishani mwake. Baba aliposikia hayo alinyamaza, akaenda kutafuta msumari wa kuitundika.

Wenzangu, wachoreni wazee wenu wangali hai. Nanyi wazazi, msituzuie.