Zima Ngoma, Tusikie Kiatu

Nitasema kitu na wauzaji wengi wa mtandaoni watanikasirikia, lakini wacha nikiseme tu: hiyo ngoma mnayoweka juu ya kila video ya bidhaa inawafukuzia wateja.

Fungua TikTok sai. Tafuta viatu, sufuria, spika, chochote. Utapata video baada ya video, zote na ule wimbo unaovuma wiki hii, sauti imepandishwa hadi mwisho. Kiatu kinazungushwa mbele ya kamera. Bei? "Inbox." Saizi? "Inbox." Duka liko wapi? Kimya. Muuzaji hajafungua mdomo hata mara moja. Unatoka hapo umeshika wimbo wote, na kiatu hukijui.

Kazi yangu ni kutengeneza hizi video, kwa hivyo najua agizo linavyokuja: "Weka tu ile inatrendi." Hakuna anayeuliza bidhaa yenyewe inatoa sauti gani. Na hapo ndipo pesa inapotea.

Sisi hununua kwa masikio, hata kama hatujawahi kulifikiria hivyo. Nani hununua tikiti maji bila kuligonga? Kikombe cha kauri unakipiga ukucha. Kikilia vizuri ni kizima, kikitoa sauti butu kina ufa mahali. Gikomba ukishika jaketi, kitu cha kwanza ni kuvuta zipu juu na chini, na zipu mbovu utaisikia kabla hujaiona. Pale Luthuli Avenue, redio haitoki dukani kabla haijachomekwa kwenye umeme na kupigwa mpaka majirani wasikie. Na mtu anayenunua pikipiki ya mtumba anaiwasha kwanza, ananyamaza, anasikiliza injini. Rangi ataangalia baadaye.

Hiyo ndiyo njia yetu ya kukagua. Sasa, mtandao umetunyima kushika na umetunyima kunusa. Tumebaki na macho na masikio peke yake. Halafu muuzaji anachukua masikio yetu anayajaza wimbo! Kisha anashangaa mbona watu wanauliza maswali hamsini na hawanunui. Wanauliza kwa sababu wanaogopa. Kila mtu ana hadithi ya alichoagiza na alicholetewa.

Najua mtaniambia muziki huuza. Ni kweli, na kuna ushahidi. Mwaka wa 1982, mtafiti Mmarekani Ronald Milliman alichapisha utafiti aliofanya kwenye supamaketi. Siku ambazo duka lilipiga muziki wa polepole, watu walitembea polepole na mauzo yalikuwa juu kwa karibu asilimia 38 kuliko siku za muziki wa kasi. Poa. Lakini angalia venye ilifanya kazi: ule muziki ulipunguza mwendo wa miguu, watu wakakaa dukani zaidi. Mtandaoni hakuna miguu. Kuna kidole gumba, na kidole hicho kinapita video yako kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Huwezi kuchukua dawa ya supamaketi ukaimwaga kwenye simu ukategemea matokeo yale yale.

Na matatu je? Nganya hujaza abiria kwa ngoma, tena kuna watu wataacha gari tupu wasubiri ile yenye mziki mzito. Sawa kabisa. Lakini kwenye nganya muziki ni sehemu ya kile unacholipia. Unanunua safari na mziki wake. Ukinunua blenda, wimbo hauji ndani ya boksi. Kinachokuja ni ile kelele ya blenda saa kumi na mbili asubuhi, ukitengeneza juisi na mtoto amelala chumba cha pili. Si unisikizishe hiyo basi, nijue ninachonunua?

Kwa hivyo pendekezo langu la kwanza ni rahisi na halina gharama: rekodi bidhaa. Sekunde tano tu. Vuta zipu karibu na simu. Gonga sufuria na kijiko. Tembea na hivyo viatu kwenye simiti tusikie kisigino. Washa feni tujue kama inanguruma. Spika ndiyo kabisa: ukiweka wimbo juu ya video baadaye wakati wa kuhariri, hujatuonyesha spika, umetuonyesha boksi jeusi. Acha wimbo utoke kwenye spika yenyewe. Najua simu haitachukua besi yote, lakini angalau tutajua inawaka na haikwaruzi.

La pili, ongea. Angalia wanaouza mitumba laivu. Taa ni ya kawaida, nyuma kuna rundo la nguo, lakini sauti haikatiki: "Hii ni saizi 38, zipu iko sawa, hapa kuna doa dogo, naiachia mia tatu." Huyo mtu ametaja hadi doa! Ukishasikia hivyo unaanza kumwamini, kwa sababu anaongea kama muuzaji aliyesimama mbele yako sokoni. Taja bei kwa mdomo. Na kama mteja ameuliza swali kwenye WhatsApp, mtumie ujumbe wa sauti wa sekunde kumi. Tapeli pia ana mdomo, sikatai, lakini ni vigumu zaidi kujificha ukiongea na kujibu kuliko ukicheza wimbo.

La tatu, ukitaka muziki, uwe na sababu. Mwaka wa 1997 watafiti wa Uingereza walipiga muziki wa Kifaransa na wa Kijerumani kwa zamu kwenye supamaketi yenye mvinyo wa nchi hizo mbili. Muziki wa Kifaransa ukipigwa, mvinyo wa Ufaransa ulinunuliwa zaidi. Wa Kijerumani ukipigwa, mambo yakageuka. Muziki unaolingana na bidhaa unamkumbusha mtu bidhaa inatoka wapi. Unauza leso kutoka Mombasa? Taarabu ya chini chini, nyuma ya sauti yako, itakusaidia. Wimbo wa klabu juu ya leso unasaidia nini hasa?

Tena kuna suala la haki ya msanii. Kutumia wimbo wa mtu kutangaza biashara yako kunahitaji ruhusa. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 iko wazi. TikTok nayo imewawekea wenye akaunti za biashara maktaba maalum ya nyimbo walizoruhusiwa. Ukipita pembeni, siku moja utakuta video yako ya mauzo imenyamazishwa. Badala yake tafuta prodyuza wa mtaani kwenu, mlipe akutengenezee sekunde tano za mlio wako mwenyewe, uutumie kila siku. Kijana mmoja amekula, na wateja watakujua hata simu ikiwa mfukoni.

Sasa nyinyi wenye tovuti na programu za kuuza, msicheke, zamu yenu imefika. Kuna wanunuzi wasioona ambao simu zao huwasomea skrini kwa sauti. Ukurasa wako ukianza kupiga muziki wenyewe, unaifunika sauti inayowaambia kitufe cha kununua kiko wapi. Umemfungia mteja mlango na hata hujui alikuja. Muziki usubiri mtu aubonyeze. Na kwa wasiosikia, andika maneno kwenye video, kwa sababu hata bei uliyoitaja kwa mdomo hawajaipata.

Halafu kuna ile dakika ya M-Pesa. Umeweka PIN, skrini inazunguka, moyo unadunda. Pesa imeenda? Imekwama? Nchi hii tumezoea kutulia tukisikia mlio wa meseji, hata muuzaji wa kibandani hukwambia "ngoja iingie." Hapo ndipo programu ya duka ingetoa mlio mfupi na maneno "tumepokea malipo yako." Mahali ambapo sauti inahitajika kuliko pote, mmeacha kimya. Kwenye video ambapo tulihitaji utulivu, mmetupigia disko.

Fanyeni jaribio wiki hii. Chukua bidhaa moja, tengeneza video mbili. Ya kwanza na wimbo wako unaotrendi. Ya pili bila wimbo: sauti ya bidhaa, sauti yako, bei, saizi, mahali ulipo. Usihesabu likes. Hesabu watu walioagiza na kulipa, kisha urudi kwenye komenti utuambie. Kama ile ya wimbo imeshinda, nitanyamaza.