Tupime Gari Kama Tupimavyo Chai

Katika vilima vya chai vya Boito, Kaunti ya Bomet, kila kilo ya majani mabichi hupimwa kituoni. Gari lililoundwa upya katika gereji ya sokoni ili lipenye njia za matope aghalabu halipimwi. Hapo ndipo penye hatari.

Tuchukue mfano wa Land Rover ya miaka ya 1970, iliyotoka kiwandani na injini ya petroli ya silinda nne, lita 2.25. Mwenye gari akiing'oa na kuweka ya dizeli, Toyota 1HZ ya silinda sita, lita 4.2, huongeza nguvu. Lakini pia huongeza chuma juu ya ekseli ya mbele. Springi hulala, usukani huwa mgumu, na mteremkoni breki za zamani huzidiwa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mimi mwanaisimu husikiliza maneno. Gari la namna hiyo husifiwa kwa "nguvu". Neno "uzito" silisikii, ilhali katika Kiswahili jambo kubwa ndilo tuliitalo zito.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka mwenye gari aarifu mabadiliko ya injini ili kitabu cha usajili kirekebishwe. Ni vyema, hata hivyo, nambari mpya haizuii gari kuporomoka. Hapana budi mkaguzi apime kila ekseli peke yake, na springi na breki zilingane na mzigo mpya kabla ya abiria kupanda. Chai tunaipima, roho za watu je?